Namna ya kupima lawama mtu anaposema "haikuwa hiari yangu"

Ukikaa kwenye baraza la kata huku Chamwino, mkoani Dodoma, mwezi haupiti bila mtu kusema "ndivyo Mungu alivyopanga." Ng'ombe wameingia shambani: Mungu alipanga. Kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wawili: shetani alinipitia. Kijana amempiga mkewe: ni pombe, mama, si mimi. Nilifundisha sekondari mpaka nikastaafu, kidato cha tano na cha sita, somo la Divinity, yaani elimu ya dini ya Kikristo, na yale maswali niliyokuwa nikiyaandika ubaoni kuhusu hiari ya mwanadamu nimeyakuta tena barazani. Tofauti ni kwamba hapa kuna mtu anasubiri kulipwa.

Ninayoyaandika ni kwa yeyote anayelazimika kuamua nani alaumiwe na alaumiwe kwa kiasi gani: mjumbe wa baraza, mwalimu wa nidhamu, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, shangazi anayeitwa kusuluhisha ndugu. Mahakimu wana vitabu vyao.

Swali kubwa lisubiri nje

Swali lenyewe ni la zamani na halitaisha kabla ya jua kuzama. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika kwamba akili ambayo ingejua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu, na nguvu zote zinazoisukuma, ingeweza kukokotoa yote yajayo, pamoja na utakachokula kesho. Fizikia ya karne ya 20 ikaja kusema kwamba chembe ndogo kabisa hazifuati ratiba kali namna hiyo. Wapo wanaolishangilia hilo kana kwamba limeturudishia uhuru. Halijaturudishia kitu. Mkono wangu ukikupiga kofi kwa bahati nasibu, mimi sijawa huru zaidi ya pale ulipokupiga kwa kusukumwa.

Upande wa dini ni vivyo hivyo. Waislamu wa karne za mwanzo walibishana sana: Jabria walisema mja hana hiari, Kadaria wakasema matendo yake ni yake mwenyewe, kisha wafuasi wa al-Ash'ari wakashika njia ya katikati, kwamba Mungu huliumba tendo na mja hulichuma likawa lake. Wakristo walikuwa na Augustino, aliyeshikilia neema ya Mungu, dhidi ya Pelagio, aliyeshikilia hiari ya mtu, na miaka elfu moja na zaidi baadaye Erasmus na Luther wakalifufua shauri hilohilo, mmoja akiandika mwaka 1524 na mwenziwe akijibu 1525. Mzee wa Kondoa na mchungaji wa kanisa la Mvumi wakianza kunukuliana mbele yangu, huwaambia jambo moja tu: katika pande zote hizo hamna uliojenga jamii ambamo mwizi harudishi mbuzi.

Inasimuliwa kwamba mtumwa wa Zeno wa Citium, mwanafalsafa wa Kiyunani wa kale, alikamatwa akiiba, akajitetea kuwa aliandikiwa kuiba. Zeno akamjibu: na kuchapwa pia. Wanafunzi wangu walilipenda sana jibu hili. Mimi silipendi. Linamnyamazisha mtu bila kupima chochote, na kwa kipimo hicho mtoto mdogo na jambazi mzoefu watatandikwa sawasawa.

Fidia kwanza

Chukua shauri ambalo kwetu hujirudia kila masika. Ni Februari, uwele umefika kiunoni, ng'ombe wa jirani wameingia. Mwenye shamba amefika barazani na mabua yaliyotafunwa mkononi. Mwenye ng'ombe amekuja na mwanawe. Wote wanapaza sauti, na ukiwasikiliza vizuri utaona wanagombania mambo mawili kwa mpigo: nani abebe hasara, na nani ni mtu mbaya.

Yatenganishe hapohapo, kwa sauti, kabla hujauliza lingine. Mimi husema hivi: "Mzee, hasara ipo, na ng'ombe ni wako. Hatujasema una roho mbaya. Tumesema tu kwamba anayekunywa maziwa ndiye anayejibu kwa meno." Kulipa hakuhitaji kosa la moyoni. Hata kama ng'ombe walikurupushwa na radi, uwele umeliwa, na si haki mwenye uwele ndiye alale njaa kwa mifugo isiyo yake.

Afisa ugani apite shambani siku ileile, kabla mifugo mingine haijapita ikachanganya nyayo. Apime eneo kwa hatua, aandike zao lilifikia umri gani, apige picha kwa simu. Zabibu zina ugumu wake. Kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mzabibu uliotafunwa machipukizi waweza kukukosesha hata mavuno yanayofuata. Hilo liandikwe wazi, kwa sababu mwenye ng'ombe atakuja kusema alilipa msimu mmoja na yakaisha.

Faida ya kutanguliza fidia huiona mara moja: ukweli huanza kutoka. Mtu akishajua atalipa vyovyote iwavyo, hana tena sababu ya kudanganya alikuwa wapi saa nane mchana. Kabla ya hapo kila neno lake lina bei.

Rudi nyuma kwa saa

Sasa lawama. Swali ambalo watu hulikimbilia ni "je, angeweza kufanya vingine?" Ukiliuliza kuhusu dakika ya tukio, jibu karibu kila mara ni hapana. Mtoto aliyelala chini ya mbuyu hawezi kuzuia ng'ombe, na mtu aliyekwisha kulewa hapimi maneno yake. Ukiliuliza kuhusu maisha yake yote, utarudi hadi kwa babu yake mzaa babu na hutampata wa kumlaumu njiani.

Mimi huuliza hivi: ni saa ngapi, kwa mara ya mwisho, neno la maana lingeweza kumfikia mtu huyu likabadilisha alichofanya? Lawama ikae hapo. Isikae mbele yake, isikae nyuma yake.

Chukua karatasi, piga mstari, andika tukio upande wa kulia kisha rudi kushoto saa kwa saa. Kila unaposimama uliza maswali matatu. Hapa, kama angeambiwa, angesikia? Aliambiwa? Au alikwisha kujua mwenyewe bila kuambiwa?

Yule mtoto wa mwenye ng'ombe, tuseme ana miaka kumi na mmoja. Saa nane mchana amelala fofofo. Hapo hakuna neno linalofika. Saa tano yuko malishoni na ng'ombe arobaini, peke yake, tumbo tupu. Angeweza kumwita mwenzake wa bonde la pili wapeane zamu, na anajua hivyo, maana wamekuwa wakifanya. Kiasi fulani kiko hapo, kidogo. Saa kumi na mbili asubuhi yuko zizini, anamwambia baba yake hakulala usiku, alikuwa na homa. Baba anamwambia atoe ng'ombe. Basi lawama imeondoka chini ya mbuyu imerudi zizini, na baba aliyekuja barazani akimsukuma mtoto mbele ndiye ataanza kutazama viatu vyake.

Sheria nayo ina mtazamo wa aina hii. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 15, inasema aliye chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kwa lolote, na aliye chini ya miaka 12 hana hatia isipokuwa ithibitishwe kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kufanya vile. Angalia walichokitafuta watunga sheria: uwezo wa kujua. Hawakuuliza kama ulimwengu umepangwa.

Hata hivyo mtoto usimwachie hivihivi. Aende na baba yake kuomba radhi, na wote wawili wasaidie kurudishia uzio wa miiba. Mtoto asiyedaiwa chochote kabisa hujifunza kwamba yeye si wa kuhesabika, na hilo atalishika.

Mlevi hupimwa kwa mstari uleule. Saa nne usiku alipovunja mlango wa jirani hakuwa akijua analofanya, nakubali. Rudi mpaka saa kumi jioni alipokaa kilabuni. Je, alijua akilewa huwa anakuwaje? Kama ni mara ya kwanza maishani kupata vurugu ya namna hii, lawama yake ni nyepesi. Kama mtaa mzima unajua, na yeye anajua, na mkewe alimshika shati mlangoni, basi mlango ulivunjwa saa kumi jioni. Kifungu cha 14 cha sheria ileile hakikubali ulevi kama utetezi, ila kwa hali chache, mojawapo ikiwa mtu amelevywa na mwingine kwa hila bila ridhaa yake. Aristotle, Myunani mwingine wa kale, aliwataja watunga sheria waliompa mlevi adhabu maradufu, kwa hoja hiyo kwamba alikuwa na uwezo wa kutokulewa. Maradufu mimi naona ni ukali wa bure, lakini hoja yenyewe imesimama.

Kipo kipimo cha haraka kwa anayedai alishindwa kabisa kujizuia: kama mtendaji wa kata angekuwa amesimama pale, ungefanya? Wengi hucheka, na kicheko hicho ni jibu. Ila kitumie kwa tahadhari. Mtu mwenye woga wa kweli, au aliyeugua akili, angefanya hata mbele ya jeshi zima.

Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakiwa likizo hunijia na habari za ubongo. Mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet na wenzake walichapisha jaribio la kuwapima watu umeme wa kichwani, wakaona ubongo unaanza kujiandaa karibu nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, na mtu mwenyewe anahisi ameamua baadaye kidogo ya maandalizi hayo kuanza. Kwa hiyo, mama, ubongo huamua kabla yetu! Sawa. Lile jaribio lilikuwa la kukunja mkono bila sababu yoyote, wakati wowote mtu anapojisikia. Sijawahi kuletewa shauri la kukunja mkono. Naletewa mtu aliyetafuta dalali kwa wiki tatu, akatengeneza muhuri wa kughushi, akachagua siku ambayo dada yake yuko hospitali.

"Sikuwa na njia nyingine"

Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, kutimiza uamuzi wa mwaka 1973, ardhi ambayo babu zetu walichungia mbuzi imekuwa dhahabu, na ndugu wamegeuziana migongo. Utetezi unaotawala kwenye mashauri ya viwanja ni huu: nililazimika.

Mwaka 1969 mwanafalsafa Mmarekani Harry Frankfurt alitunga mfano ambao mimi huuvalisha nguo za kwetu. Kaka anataka kuuza shamba la urithi kwa siri. Mjomba naye anataka liuzwe, na amejipanga: akimwona kijana anasitasita, atamtishia panga mpaka aweke sahihi. Kijana hasitisiti. Anauza kwa tamaa yake, anakula fedha, wala hajui mjomba alikuwa nyuma ya mlango. Je, alikuwa na njia nyingine? Hakuwa nayo, angesita, panga lingetoka. Je, hana lawama? Wasomee wanabaraza mfano huu uone kama kuna mmoja atakayesema hana.

Kwa hiyo mtu akikuambia njia zote zilifungwa, usibishane naye kuhusu njia. Muulize aliipita hii iliyobaki kwa sababu gani. Aliyeuza kwa sababu ya panga na aliyeuza kwa sababu ya pikipiki mpya waliweka sahihi ileile kwenye karatasi ileile, na mimi sitawatazama kwa jicho moja.

Kulazimishwa kwa kweli kuna mipaka yake kisheria, tena mikali. Kifungu cha 17 kinamwokoa aliyetenda kosa pamoja na wengine kwa kutishiwa na mwenzake kuuawa au kuumizwa vibaya papo hapo, muda wote wa tendo. Tishio la madhara ya baadaye halimwokoi. Barazani tunaweza kulegeza zaidi. Mjane aliyeambiwa na shemeji zake "usiposaini, baada ya mavuno utaondoka na watoto wako" hakutishiwa papo hapo, ila mimi siwezi kumwandika kwenye mstari mmoja na kaka wa pikipiki.

Usiishie kwa aliye mbele yako

Mkoa huu hupata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja, na hata hizo hazina ahadi. Kwa hiyo kila baya likitokea mvua ndiyo hupewa lawama, na mvua haiitwi shaurini. Hapa nataka ukae kidogo.

Wazee wa Kigogo wana jina la njaa ile kubwa ya 1917 hadi 1920: Mtunya. Ukisikiliza haraka utadhani ni habari ya ukame. Ukame ulikuwepo. Lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, katika vita vyao, yalikuwa yamechukua nafaka, yamechukua ng'ombe, yamechukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipokosekana ilikuta maghala yamekwisha kufagiliwa. Watu waliokuwa wakivuka miaka mibaya kwa kubadilisha mifugo na nafaka hawakuwa na cha kubadilisha. Pigia mstari wa saa tukio hilo, rudi kushoto, utakutana na maofisa wenye kalamu na hesabu za magunia, watu ambao neno la maana lingeweza kuwafikia.

Basi hata katika shauri dogo, mtu akisema "ni ukame," msikilize, maana mara nyingi anasema kweli nusu. Ng'ombe waliingia shambani kwa sababu njia ya zamani ya kwendea maji ilipimwa viwanja. Nani alipima? Nani alikaa kwenye mkutano wa kijiji akanyamaza? Baraza likimwadhibu mchunga ng'ombe peke yake, mwakani mtaonana hapahapa na mchungaji mwingine. Kwenye muhtasari wetu tunaandika pia wasiokuwepo. Hawatalipa kwa kuandikwa, lakini barua huenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na huko hawapendi kuzipokea.

Upepo

Kabla ya mvua za Desemba watu husafisha mashamba. Majirani wawili wanachoma mabua mchana uleule, wote bila kukata njia ya moto, wote wakaenda kula. Upepo unageuka upande mmoja: zizi la mtu linaungua na mbuzi ndani. Moto wa pili unajifia wenyewe. Bernard Williams na Thomas Nagel, Mwingereza na Mmarekani, waliliweka jambo la aina hii mezani mwaka 1976, na wanafalsafa hawajaacha kuligombania.

Ninavyofanya mimi: fidia analipa aliyeunguza, maana ni juu yake kuwalipia mbuzi. Lawama nawagawia wote wawili sawa. Tulishawahi kumwita barazani yule ambaye moto wake haukuunguza kitu. Alikuja amenuna. "Mama Mwalimu, mimi nimemdhuru nani?" Nikamwambia hajamdhuru mtu, na kwamba sisi hatukuitana na upepo, tumemwita yeye. Alitozwa kazi ya kusaidia kujenga zizi. Wapo wajumbe waliopinga, wakisema hatuna mamlaka ya kumwita mtu asiye na mlalamikaji, na kwa kanuni walikuwa na hoja. Yeye mwenyewe alikubali kwa hiari, baada ya kunung'unika.

Mgonjwa

Kwa suala la akili, usijifanye daktari. Hospitali ya Mirembe iko hapahapa mjini, na Isanga ndiko wanakopelekwa walioingia matatani na sheria wakiwa na maradhi ya akili. Kifungu cha 13 kinauliza kama maradhi yalimfanya mtu asielewe anachofanya, au asijue kwamba hakupaswa kukifanya, au asiweze kujitawala. Hilo ni la mahakama na madaktari. Kazi ya baraza ni kuandika majirani waliona nini, tangu lini, na alikuwaje kabla. Na mkomeshe mjumbe yeyote anayetumia jina la Mirembe kama tusi. Siku mgonjwa wa kweli atakapohitaji kwenda, ndugu zake watamficha ndani.

Namna ya kusema

Ukishapima, lazima useme mbele ya mtu mwenyewe. Wapole wengi huharibu hapa. Mwingereza P. F. Strawson alieleza mwaka 1962 kwamba hasira na shukrani zetu kwa wenzetu ndizo alama kuwa tunawahesabu kuwa watu. Tukiziondoa zote, tunabaki kumtazama mwenzetu kama tatizo la kushughulikiwa. Nililiona hilo kwa kijana aliyechukua fedha za kikundi cha akina mama. Mwenyekiti wetu, mtu mwema, akawa anamtetea: alilelewa bila baba, hakusoma, makundi ya stendi, mlitaka awe nani? Kijana alivumilia kwa muda, kisha akainua uso. "Mzee, shikamoo yako naiheshimu, lakini usiseme sikujua. Nilijua." Kikao kilikwenda haraka baada ya hapo.

Malezi yake yalikuwa ya kweli, na yaliingia kwenye hesabu: tulimpa muda mrefu wa kurudisha, na fundi wa kumfundisha kazi. Lakini tulimwambia alikosea, kwa maneno hayohayo. Na ukiulizwa na wale wa Laplace kwamba kuna faida gani kumwambia mtu ambaye kila kitu chake kimesukumwa na kilichotangulia, mjibu kwamba maneno ya baraza nayo yametangulia kesho yake, yataingia kwenye hesabu pamoja na hayo mengine.

Muhtasari uandikwe mafungu mawili, fidia ukurasa wake na lawama ukurasa wake, kila mmoja asome au asomewe kabla ya sahihi au dole gumba. Nakala tatu. Kwa migogoro ya ardhi kumbuka kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halikati shauri. Siku 30 zikipita bila suluhu, anayelalamika ana ruhusa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msimshikilie kwa sababu tu bado mnaendelea na falsafa.